Waya Mweusi wa Albano

Auleria alikuwa na miaka minane kwenye umeme wa magari, na pale Manzese alisifika kwa usafi wa kazi. Nyaya zake alizipanga na kuzifunika vizuri mpaka ukifungua boneti unadhani gari imetoka kiwandani. Ndiyo maana Mzee Bakari wa Boko, mwenye Pijo 504 ya mwaka sabini na tano, alipoona taa ya chaji haizimiki, watu walimwambia ampelekee yeye.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa mdogo. Kaboni za alteneta, mashine inayochaji betri, zilikuwa zimelika. Auleria akaweka mpya, taa ikazima. Angeishia hapo. Lakini kwenye regulata, kile kiboksi cha bati kinachozuia alteneta isizidishe umeme, aliona waya mweusi umefungwa kwenye skrubu, ukakatiza juu juu mpaka kwenye injini, tena umeungwa katikati kwa tepu iliyochakaa.

"Nani kakufungia huu, mzee?"

"Albano wa Kiwalani. Tangu gari ipigwe rangi, fundi wake ni yeye."

Auleria akacheka, Mzee Bakari naye akacheka. Akatoa simu, akarekodi. "Mafundi wenzangu, njooni muone vituko. Kazi ya Albano wa Kiwalani hii! Waya hautoki popote, hauendi popote. Na nyie mnampelekea magari?" Akaukata kwa koleo mbele ya kamera, akautupa.

Jioni ile video ilikuwa kwenye kundi la mafundi. Kesho yake ikawa kwenye status za watu asiowajua. Vijana wa gereji wakaanza kuita kila kazi mbovu "waya wa Albano", na kila walipotamka hivyo walimgeukia Auleria acheke nao. Alicheka.

Siku ya nne Mzee Bakari akapiga simu. Taa za mbele zote mbili zimeungua, na betri inanuka yai viza.

Auleria akaenda Boko asubuhi. Aliwasha gari, akaweka mita kwenye betri, akakanyaga mafuta kidogo. Volti kumi na saba. Ilitakiwa isizidi kumi na nne na kitu.

"Regulata imekufa," alisema. Akafunga nyingine aliyokuja nayo. Kumi na saba ileile. Akafungua alteneta, akaikagua, akairudisha. Kumi na saba. Mzee Bakari alimletea kiti cha plastiki na chai, akamwomba radhi kwa kumsumbua.

Saa nane mchana ndipo alipofanya kipimo alichopaswa kuanza nacho. Alizima gari, akagusisha ncha moja ya mita kwenye bati la regulata na nyingine kwenye hasi ya betri. Mita haikusoma kitu: umeme haukuwa na njia kati ya hivyo viwili. Akafungua skrubu, akakwangua kwa kucha. Rangi ilikuwa nene kama ngozi, mpaka ndani ya matundu. Regulata ilikaa juu ya rangi, haikugusa bodi. Isipogusa bodi haiwezi kupima umeme, na isipopima inauachia uzidi tu. Kilichokuwa kinaigusisha, kupitia injini, ni ule waya mweusi.

Uso ulimwaka. Akageuka kutazama, Mzee Bakari alikuwa anamwagilia maua. Haraka haraka akakata kipande cha waya, akakifunga palepale ulipokuwa ule wa Albano, akawasha. Kumi na nne na nukta mbili.

"Ilikuwa nini?" Mzee alimuuliza akija.

"Regulata, mzee. Hizi za zamani zinachoka."

"Afadhali nilikupata wewe, binti. Yule Albano angeniulia gari."

Auleria akainama kukusanya spana.

Aliifuta video, lakini ilishasambaa kwenye simu za wengine. Jumapili, baada ya misa, alikwenda Kiwalani akaulizia mpaka akaipata nyumba. Mke wa Albano, Flaviana, alikuwa mlangoni anapepeta mchele. Auleria alipomwamkia tu, ungo ukasimama.

"Sauti hii naijua," Flaviana alisema. "Ni wewe."

Albano akatoka ndani. Auleria akamwamkia, akaeleza yote akiwa amesimama: rangi, waya, taa zilizoungua, na uongo aliomwambia mzee. Albano alisikiliza mpaka mwisho.

"Nilitaka kuikwangua ile rangi," alisema. "Mwenye gari akakataa, imepigwa juzi. Ndiyo nikapitisha waya. Hivi namba yangu ungeikosa?"

"Ningeipata kwa mzee."

"Ungenipigia. Ningekwambia kwa dakika moja."

Flaviana aliweka ungo chini. "Mie hiyo video nilionyeshwa sokoni, na mtu asiyejua kama Albano ni mume wangu. Nikacheka naye, dada. Nilicheka kwanza, jina nikalisikia baadaye."

Auleria alishindwa kumtazama. "Nisameheni. Naomba nirekodi hapahapa, niseme ukweli."

"Usiniweke tena kwenye simu yako," Albano alisema. "Ukitaka kusema, kaseme huko ulikosemea. Na kama umekuja nikwambie yameisha, bado sijui."

Siku hiyohiyo Auleria akaenda Boko. Alimweleza Mzee Bakari kabla ya kushika simu.

"Kweli nilimkatalia kukwangua," mzee alisema taratibu. "Nikasahau kabisa. Na ulipocheka, na mie nikacheka."

Auleria akafungua boneti, akarekodi. "Hapa fundi Albano aliweka waya, na alikuwa sahihi. Niliukata mimi. Taa za mzee niliziunguza mimi. Nilipojua, nikadanganya." Sauti ilimkatika mara mbili, lakini hakurudia.

Akaituma. Kwenye kundi wawili wakacheka, mmoja akaandika "pole", wengine kimya. Waliosambaza ile ya kwanza hawakuonekana kuisambaza hii.

Alifunga balbu mpya za taa za mbele alizokuja nazo, akazijaribu, akafunga boneti.

"Binti," Mzee Bakari alisema, akiwa ameshika ufunguo, "kuanzia sasa gari nitaipeleka Kiwalani. Nadhani unanielewa."

"Nakuelewa, mzee."

Akabeba begi lake la vifaa, akatembea mpaka barabarani.