Makongoro ya Mzee Firmin

Alhamisi ile mchana shangazi Odile alitoka jikoni na mwiko mkononi, akatangaza mbele ya wateja wote: "Leo tena bakuli la makongoro likirudi na mabaki, nayafuta kwenye ubao. Kuanzia kesho naweka parachichi."

Mzee Firmin aliacha kutafuna. "Parachichi? Odile, hapa ni Lyon au ni saluni?"

"Basi yamalize wewe."

Hapo alimpata. Mzee Firmin ana jongo, na daktari amemruhusu vijiko vitatu tu kwa wiki. Saladi hiyo ya miguu ya ndama ameila kwenye kiti kilekile tangu mimi, Solène, sijazaliwa, na siku hizi ndiye mteja pekee anayeigusa. Akawageukia wanafunzi wa meza ya dirishani.

"Onjeni, wanangu. Yanakaza magoti."

"Magoti yetu mazima, babu. Yako ndiyo yanalia kama mlango."

Wakaingia wageni wawili kutoka Seoul, Bwana Maeng na mkewe, Bi Noh. Nikawabana karibu na jiko, kiwiko kwa kiwiko na Mzee Firmin, nikawashushia mabakuli yote: dengu, bitiruti, kabichi, samaki wa moshi, soseji, na makongoro. Kwetu mabakuli huanzia meza moja. Unajipakulia kidogo, unampa jirani, yanazunguka ukumbi mzima. Kila mtu anajua, isipokuwa mgeni. Na mimi, mwenye mdomo usiofungwa hata kanisani, siku hiyo nilisahau kusema.

Basi wageni wakatulia, wakala.

"Solène!" wakaita dirishani. "Mabakuli yameajiriwa huko?"

"Yamechumbiwa," nikajibu. "Subirini mahari."

Mzee Firmin akanipiga kiwiko. "Waambie, binti. Sijapata hata kijiko cha kwanza."

Nikawainamia. Kabla sijasema neno, Bi Noh akanionyesha bakuli la makongoro, limebaki nusu. Kifaransa chake kilikuwa cha shuleni, kimepigwa pasi.

"Samahani, dada. Haya ni matamu sana. Tukimaliza, mtatuongezea? Kwetu vibakuli vya pembeni vikiisha, huongezwa."

Nilifungua kinywa kueleza. Aproni yangu ikavutwa kwa nyuma.

"Usiseme," Mzee Firmin akanong'ona.

"Si wewe umenituma?"

"Nimebadili nia. Wakijua wataliachia, litazunguka, litarudi jikoni na mabaki. Waache wale."

"Na vijiko vyako vitatu?"

Akalitazama bakuli. Akameza mate. "Nimeshiba."

"Umeshiba nini, hewa?"

"Toka hapa, binti."

Dirishani walianza kugonga meza kwa uma. Mzee Firmin akasimama na magoti yake yote mawili, akatandaza mikono kama polisi wa barabarani. "Kaeni chini! Mgeni hanyang'anywi sahani! Mwenye njaa ale mkate!"

Wakala mkate, wakinung'unika. Upande wa pili Bwana Maeng akasafisha bakuli kwa kipande cha mwisho cha mkate, nami nikalibeba jikoni nimeliinua juu kama kombe.

Shangazi alilichungulia, kisha akatoka mbio kumkabili Mzee Firmin. "Umemlisha mbwa wa nani?"

"Naapa, Odile, sijagusa!"

Shangazi akakikung'uta kitambaa cha mezani cha mzee, akachungulia chini ya meza, akanusa hata mfuko wa koti. Bi Noh akainua uma kwa adabu. "Mama, ya pili yanakuja?"

"Ni wewe uliyeyamaliza?"

"Sote wawili."

Shangazi yangu hatabasamu hata kwa mpiga picha. Alikwenda kwenye ubao, akaandika KESHO MAKONGORO kwa herufi kubwa hadi keki ya siku ikakosa nafasi ya kuandikwa.

Hapo ndipo nilipowaeleza wageni. Bi Noh akafunika uso kwa mikono. Bwana Maeng akasimama, akaiinamia kila meza moja baada ya nyingine, na ukumbi ukampigia makofi, wanafunzi kwa nguvu kuliko wote. Bitiruti ikaanza safari. Mzee Firmin akafikiwa na bakuli la kabichi, kitu asichokipenda, akaila kama pilau ya harusi.

Kisha akamwegemea Bi Noh. "Mnaondoka lini?"

"Jumamosi, babu."

"Jumamosi! Kuna moto gani huko?"

"Watoto wanatungoja."

"Wana umri gani?"

"Mmoja ishirini na sita, mwingine ishirini na tisa."

"Wakubwa hao," akasema Mzee Firmin, akimmiminia divai. "Wajipikie."