Joka la Foleni ya Malaba

Truphena alimvuta binti yake Maurine kwa mguu kutoka chini ya trela. Kabla hajamchapa kofi, foleni ya malori ya mpakani ikasogea, na tairi likapita palepale mtoto alipokuwa amelala.

"Nilikuwa natafuta mlango, mama!" Maurine akalia. "Kwa kitabu, trela ni joka. Likilala, unatambaa chini ya tumbo, unatokea kwa ufalme wa ng'ambo."

Kitabu hicho alikiandika Mwalimu Mulama, jirani yao. Truphena aliacha sufuria ya chai anayowauzia madereva, akaenda moja kwa moja hadi mlangoni kwake, mtoto mkononi.

"Mwalimu, joka lako huamka saa ngapi?"

"Mama Maurine, hiyo ni hadithi tu. Watoto wanajua."

"Wa miaka saba anajua nini? Mapango ya kuweka huo mlango yamekwisha? Milima imekwisha? Watoto wetu wanacheza kando ya haya matrela kila siku, na wewe unawaambia waingie chini! Haya, kuja uingie wewe kwanza."

Alimburuta kwa shati mpaka barabarani. Mwalimu akainama, akachungulia kati ya matairi. Breki zikapiga fyuu, trela likanguruma, naye akaruka nyuma akaanguka kwa matope.



"Nani mwingine amekisoma kitabu changu?" mwalimu akauliza, akijipangusa matope.

"Si umewauzia shule nzima? Inuka, mwalimu. Tunaanza na nyumba ile pale, na utawaambia kwa mdomo wako mwenyewe wasiingie chini ya trela."