Daftari la Kelele la Pembezoni

Watu wa nchi ya Pembezoni ni watoro wa makelele. Babu zao waliishi katika Mji wa Vurumai, ambako honi, nyundo na ugomvi wa masoko havikuwapa nafasi ya kusikia hata mapigo ya mioyo yao. Wakafunga virago, wakahamia vilima vya jirani, wakajenga nyumba zenye ua wa michongoma iliyokatwa sawasawa, na wakaapa kwamba kimya kitakuwa fahari yao, adabu yao na urithi wa wana wao. Kiapo kizuri, sikatai. Nani asiyetaka kupumzika? Lakini walikipenda kimya kupita kiasi, hata kuku wa Pembezoni alitarajiwa atage kwa staha.

Shule zao sita ziliongozwa na Baraza la Elimu lenye wajumbe tisa, watu wa taadhima, chini ya Mwenyekiti Bibi Taratibu. Sharia ya kwanza ya Baraza ilimkataza mjumbe yeyote kutia mguu darasani, kwa hofu kwamba akiwaona watoto atawapenda, na akiwapenda atapoteza insafu na kuwapendelea. Basi shule zilipimwa kutoka nje. Msikilizaji wa Baraza alisimama nyuma ya ukuta, saa mkononi, akaandika katika daftari kila sauti iliyovuka. Shule iliyonyamaza kuliko zote ilitunukiwa Bendera ya Kimya. Iliyopiga kelele mihula mitatu mfululizo ilifungwa, na watoto wake wakagawanywa kwa zile zilizonyamaza. Usicheke, msomaji. Walikuwa na nia njema kabisa, na hilo ndilo linaloumiza.

Kazi ya usikilizaji ilikuwa ya Mzee Sikivu, mtu mpole mwenye masikio makubwa, ambaye kwa miaka ishirini hakuchelewa kazini hata siku moja. Nyumbani alilea mjukuu mmoja, Azma, binti wa marehemu mwanawe, mwenye umri wa miaka tisa na kigugumizi kizito. Mtoto huyu alisoma miaka miwili katika shule ya Shuwari, yenye sifa kuliko zote, na hakuna mwalimu aliyejua kwamba ana kigugumizi, kwa kuwa hakuna aliyemtaka aseme. Mwaka wa tatu Shuwari ilijaa pomoni, wachache wakahamishiwa shule ya Mchangamko, na Azma akawa miongoni mwao. Majirani walimpa Mzee Sikivu pole, naye akaipokea.

Siku moja mchana Azma aliingia nyumbani mbio, begi likimpiga mgongoni.

"Shikamoo, babu!"

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona unahema hivyo, umekimbizwa na mbwa?"

"Ni... nimesoma, babu! U... ukurasa mzima! Mbele ya wote! Mwalimu Bashasha a... alitoa machozi, na wenzangu wakapiga makofi, wakapiga madawati, da... darasa zima!"

Mzee Sikivu alimnyanyua mtoto juu, akamzungusha, akacheka hata goti likamuuma. Halafu akamtua polepole.

"Ilikuwa saa ngapi, mama?"

"Kabla ya ke... kengele ya uji."

Yarabi! Mzee aliliendea daftari lake akalifungua. Mstari wa mwisho ulikuwa kwa mkono wake mwenyewe, mwandiko mzuri usio na doa: "Mchangamko, saa nne kasorobo. Makofi na vishindo. Kelele kubwa mno. Mhula wa tatu." Mstari huo mmoja ulitosha kuifunga shule, na daftari lingesomwa Barazani kesho kutwa. Azma angerudishwa Shuwari, na sauti aliyoipata leo ingezimwa kesho. Mzee Sikivu hakula chakula chake. Alimtazama mjukuu wake akila kwa furaha, akaona aibu ambayo hakuwahi kuionja tangu azaliwe.

Asubuhi ya pili alikwenda Shuwari, aone kwa macho mahali atakapopelekwa mtoto. Ile Bendera ya Kimya ilipepea juu ya lango, na yeye mwenyewe ndiye aliyeandika wiki iliyopita, "Kimya kamili, hakijapata kutokea." Akasita, maana hakuwahi kuvuka lango la shule yoyote, kisha akaingia. Bawabu alikuwa peke yake, anamenya chungwa.

"Lo, Mzee Sikivu! Leo umepotea njia?"

"Watoto wako wapi, bwana?"

"Watoto? Mbona hawapo, hii ni wiki ya tatu! Paa lilianguka kwa mvua, wakahamishiwa ukumbi wa arusi kule bondeni. Barua tulipeleka Barazani, lakini unawajua wenyewe, barua za shule husomwa mwisho wa mwaka."

"Na bendera hii?"

"Ililetwa juzi, kwa heshima zote. Tulishangaa, lakini mkubwa akikuletea tuzo utamwambia amekosea?"

Mzee Sikivu aliketi kwenye ngazi ya darasa tupu. Bawabu akamkatia nusu ya chungwa, nalo likamdondoka mkononi bila kuonjwa. Miaka ishirini, masikini, na hakuwahi kujua tofauti ya watoto walionyamaza na watoto wasiokuwapo.

Siku ya hukumu ukumbi wa Baraza ulijaa. Mshitaki alikuwa mjumbe Bwana Dhahiri, aliyeamini kwamba jambo lisiloonekana kwa nje halipo ndani. Mwalimu Bashasha, mwanamke mfupi mwenye chaki mpaka kwenye nyusi, alisimama kizimbani bila wakili.

"Waheshimiwa," alisema Bwana Dhahiri, "sina chuki na mwalimu huyu. Lakini tulikimbia Vurumai kwa jasho la wazee wetu, naye anatujengea Vurumai nyingine ndani ya kuta zetu. Namwomba shahidi asome daftari."

Mzee Sikivu akasimama, akausoma mstari wake kwa sauti. Kisha hakuketi.

"Ni kweli nimeandika hivyo, Bibi Mwenyekiti, na sauti niliisikia. Lakini ile niliyoiita kelele ilikuwa ya mjukuu wangu, Azma, aliyefika mwisho wa ukurasa kwa mara ya kwanza katika maisha yake, na wenzake wakimshangilia. Mimi babu yake nilikuwa hatua kumi kutoka kwake, nikaiandika furaha yake kuwa kosa."

Minong'ono ikaanza, jambo la aibu kuu katika ukumbi ule.

"Na la pili ni zito zaidi. Bendera ya Kimya mmeipa shule isiyo na mtoto hata mmoja. Paa lilianguka, watoto wakahama, nami nikasimama nyuma ya ukuta nikausifu utupu. Wazazi walijua, walimu walijua, bawabu alijua. Sisi tu ndio hatukujua, kwa sababu sisi ndio tunaoziongoza shule. Niondoeni kazini, ni haki yenu. Shule hii msiifunge, nawasihi."

Bibi Taratibu alikuwa amevua miwani na kuipangusa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Hatimaye akauliza swali ambalo halijapata kuulizwa Barazani:

"Huyo mtoto alisoma nini?"

"Sijui, Mheshimiwa," akajibu Mzee Sikivu, na machozi yakamtoka mbele ya watu. "Nilikuwa nje."

Bibi Taratibu akainuka. "Basi twende tukamuulize," alisema, na wajumbe wote tisa, Mwalimu Bashasha na Mzee Sikivu wakiwa pamoja nao, wakatoka kwa miguu, mchana kweupe, sharia yao ya kwanza wakiikanyaga njia nzima.

Walipotokea mlangoni kule Mchangamko, darasa la Azma lililokuwa likivuma likanyamaza ghafla. Watoto waliwatazama wazee wale kwa hofu, mikono juu ya madawati. Kilikuwa kimya safi, cha kupewa bendera, na Mzee Sikivu alitamani kukimbia.

"Azma, mjukuu wangu," alisema, "wakubwa wamekuja kusikia ule ukurasa."

Mtoto akasimama na kitabu chake. "M... m... m..." Neno likakataa. Bwana Dhahiri, asiyezoea kungoja, akataka kumsaidia. Bibi Taratibu akamshika mkono. Wakangoja. Azma akameza mate, akamtazama Mwalimu Bashasha, akaanza tena.

"M... mbuni ni ndege mkubwa," alisoma, "la... lakini haruki. Hu... huzunguka nchi yote kwa miguu yake."

Akaendelea hivyo, mstari kwa mstari, mpaka chini. Darasa likalipuka kwa makofi na vishindo, wajumbe wakiangaliana wasijue mikono yao waipeleke wapi, na Mzee Sikivu akapiga dawati la karibu kwa ngumi zote mbili, akicheka na kulia pamoja.

Bibi Taratibu alivuta kiti kidogo cha mtoto, akaketi, magoti yakimfika kidevuni.

"Fungua na ukurasa wa pili, mwanangu," alisema. "Hatuna haraka."