Maksai wa Mzee Kalisti

Mzee Kalisti alitoa uamuzi wake Jumamosi asubuhi huku akitafuna kiazi: maksai wote wawili wauzwe, Monika aende chuo kikuu. Alipokwisha kusema hivyo akaomba maji ya kunawa, kana kwamba ametaja kuku.

Ignasi, mwanawe wa kwanza, aliacha kutafuna. Ilikuwa Oktoba, mashamba yote ya Kaengesa yamekauka yanangoja mvua za Novemba, na kila mkulima mwenye akili timamu alikuwa anakagua plau lake. Nani anauza maksai Oktoba? Mwendawazimu, au mtu ambaye binti yake anatakiwa chuoni Oktoba hiyo hiyo. Serikali ilikuwa imempa Monika mkopo nusu ya gharama. Nusu nyingine ilikuwa imesimama zizini, ina miguu minane.

Maksai wale walikuwa mikono ya Ignasi. Aliwachukua wakiwa ndama, akawafundisha nira misimu miwili, mmoja akamvunja ubavu na bado hakuacha. Huyo aliitwa Mkoloni, kwa sababu tangu udogoni alikuwa akimaliza majani yake anahamia kwenye ya mwenzake bila kuomba. Mwenzake alikuwa Tajiri, kwa tumbo lake na mwendo wake wa kutojali mtu. Walipolima, mzee alishika plau nyuma, Ignasi akatangulia na kamba. Wakifika mwisho wa shamba mzee aliita tu, "Mkoloni, geuka!" na Mkoloni akageuka, Tajiri akamfuata.

Kabla yao walikuwepo wengine wawili, na hao waliliwa na shahada ya Victor.

Victor ni mdogo wa Ignasi kwa mwaka mmoja. Baba yao alipoona hawezi kusomesha wawili, alisema mmoja asome na mmoja alime, akamwelekezea Victor kidole. Ignasi alikuwa kidato cha pili, wa nne darasani. Hakuuliza sababu, wala hakuna aliyejisumbua kumwambia. Victor alipofika chuo kikuu maksai wa kwanza wakauzwa, na Ignasi akalima kwa jembe la mkono miaka miwili mpaka mgongo wake ukawa wa mzee. Sasa Victor ana shahada ya mipango miji, na kazi yake ni bodaboda kule Izia, mjini Sumbawanga.

"Na wewe unasemaje?" mzee alimwuliza Ignasi.

Ignasi alimtazama Monika. Alikuwa amekaa mlangoni, miaka kumi na tisa, mikono katikati ya magoti, hapumui. Ignasi aliijua ile namna ya kukaa. Alikaa hivyo hivyo siku ile ya kidole.

"Aende," akasema. Neno lilimtoka kwa shida, lakini lilitoka.

Mama yao, Bertilla, aliinuka. Alikwenda nyuma ya nyumba na simu yake.

Kabla ya saa saba pikipiki ya Victor iliingia uani kwa fujo, kuku wakatawanyika. Hakusalimia. Mtoto wa Kifipa anaingia kwa baba yake bila shikamoo! Ignasi alijua pale pale kwamba siku imeharibika.

"Mama kanipigia. Ni kweli mnauza maksai?"

"Mbonile anakuja kuwachukua mchana huu," mzee alijibu. Mbonile alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka Mbeya, mwenye lori na maneno machache.

"Baba, nitazame. Nitazame vizuri. Shahada ndiyo hii hapa, imevaa kofia ngumu. Miaka sita napeleka barua za kazi mpaka walinzi wa maofisini wananiita kwa jina. Ng'ombe wawili walikwenda ili mimi nibebe abiria! Leo unatoa wengine wawili?"

"Kaka, wewe ni wewe," Monika alisema. "Mimi naenda kusomea maji. Kisima chetu kimekufa mwaka wa tatu huu, na hakuna hapa anayejua hata pampu imekwama wapi."

"Na mimi nilikuwa na maneno mazuri kama hayo. Barua iko wapi?"

Barua ya chuo ilikuwa mkononi mwa Monika. Victor aliinyakua, akaichana mara mbili, na Monika alipomrukia kuiokoa alimpiga kofi lililomzungusha mpaka akaangukia chungu cha maji. Chungu kikapasuka.

Ignasi hakumbuki aliinukaje. Ngumi yake ya kwanza ilitua mdomoni mwa Victor, ya pili juu ya jicho, na wote wawili wakaenda chini kwenye tope la kile chungu. Victor alimng'ata mkono. Ignasi alimshika kichwa akakigongesha ardhini, mara moja, mara mbili, mpaka mzee akaja na fimbo akawatandika wote bila kuchagua, akipiga mayowe kwamba hajafa bado, wamngoje afe ndipo wauane.

Wakaachana. Victor alitema jino, akaliangalia, akaanza kulia. Kulia kwa mtu mzima ni jambo baya kulisikia, na Ignasi alikuwa karibu amwonee huruma. Hapo lori la Mbonile likanguruma barabarani na kila mtu akageuka kulipokea. Mzee alipangusa mikono. Mama Bertilla alileta kigoda.

"Shikamoo mzee Kalisti," Mbonile alisema, macho yake yakienda kwenye damu iliyokuwa usoni mwa Ignasi. "Nimekuja vibaya?"

"Marahaba. Umekuja vizuri. Vijana walikuwa wanazungumza."

Ndipo ng'ombe alipolia zizini. Haukuwa mlio wa njaa wala wa kuita. Ignasi alikuwa ameusikia mara moja tu maishani, machinjioni, kisu kilipokosea.

Alikimbia. Mkoloni alikuwa amesimama kwa miguu mitatu, mguu wa nyuma wa kulia unaning'inia, kano imekatwa mpaka mfupa mweupe unaonekana, damu inaruka kwa vipindi. Alijaribu kuukanyagia, akaanguka kwa makalio, akainuka, akaanguka tena. Victor alikuwa pembeni yake na panga, anamfuata Tajiri, ambaye alikuwa ameparamia ua kwa woga.

"Hawauzwi!" Victor alipiga kelele. "Haendi mtu!"

Mpini wa shoka ulikuwa umeegemezwa kwenye ua. Ignasi aliuchukua. Pigo la kwanza lilivunja vidole vilivyoshika panga. La pili lilimpata sikioni, na sikio lile halijasikia vizuri mpaka leo. Victor alipiga magoti, kisha akalala, na Ignasi akaendelea: mbavu, bega, paja, mbavu. Kwa nini nidanganye, aliona raha. Hakuwa anampigia Mkoloni tena. Alikuwa anapigia kidato cha pili, na kidole cha baba, na kila asubuhi aliyoamka kwenda kulima huku mwenzake akivaa soksi.

"Niue," Victor alisema kutoka chini, mdomo umejaa damu. "Niue, kaka, utakuwa umenisaidia. Kila nikija hapa mama ananitazama kama anatafuta wale ng'ombe kwenye mifuko yangu. Sitaki na Monika aje atazamwe hivyo."

Ignasi aliyasikia maneno hayo, akayaelewa, na bado aliinua mpini juu kabisa. Alilenga kichwa. Tusifichane, alilenga kichwa.

Mpini ulipotua ulitua kwenye mkono wa Monika, ambaye alikuwa amejitupa juu ya Victor. Mfupa ulilia kama kijiti cha kuwashia moto kinachovunjwa gotini. Monika hakupiga kelele. Alikaa, akautazama mkono wake wa kushoto uliokuwa umepinda mahali pasipo na kiungo, na uso wake ukawa wa kijivu.

Mpini ukamtoka Ignasi mkononi.

Mkoloni alikuwa bado analia, na hakuwa wa kuachwa vile. Ignasi aliokota panga la Victor. Akaja mbele, si nyuma, akamwita jina polepole ili ageuze shingo. Mkoloni akageuza. Alikuwa anaitika jina lake siku zote, hata siku hiyo. Damu ilimmwagikia Ignasi kifuani ikiwa ya moto, na alibaki amemkumbatia kichwa mpaka miguu ilipoacha kupiga teke.

Mzee Kalisti alikuwa ameketi chini, kofia mkononi. "Basi," alisema. "Imekwisha. Hakuna safari."

"Naenda, baba," Monika alisema.

Mama yake alikuwa anamfunga mkono kwa kipande cha kitenge akaacha kufunga.

"Nikibaki, Mkoloni kafa bure, na mkono wangu umevunjika bure, na kaka Victor kapigwa bure," Monika alisema, meno yanagongana kwa maumivu. "Sijui kama nitapata kazi. Huenda nikarudi nikauza nyanya sokoni. Lakini gharama imeshatoka. Nakwenda."

Hapo Ignasi akafanya jambo bila kuomba ruhusa ya mtu. Alimwinamia Victor, akamsachi mfukoni, akatoa ufunguo wa pikipiki na kumpa Mbonile.

"Chukua Tajiri. Chukua na pikipiki. Tupe bei tuliyoongea."

Mbonile alimtazama mwenye pikipiki. Victor alikuwa na jicho moja tu lililofunguka. Angeweza kusema hapana, na Mbonile asingethubutu.

"Kadi iko chini ya kiti," Victor alisema.

Nyama ya Mkoloni ilinunuliwa na majirani, lakini hakuna aliyekaa kuzungumza. Monika alifungwa plasta kwenye hospitali ya misheni, akapanda basi siku ya nne, begi begani kulia. Kabla ya kupanda alimwinamia Victor, akamwambia jambo karibu na sikio zima. Ignasi hakulisikia na hakuuliza.

Mvua zilikuja wiki ya pili ya Novemba. Ignasi alizunguka nyumba saba kuomba maksai hata kwa siku mbili. Kote alikaribishwa kiti, kote akanyimwa. Walisema wanyama wamechoka, walisema wana zamu. Yule wa saba alikuwa mkweli: nani ataingiza maksai wake kwenye boma linalokata miguu ya maksai?

Alipofika nyumbani alimkuta Victor uani na msumeno, vidole vya mkono mmoja vimefungwa matambara. Alikuwa ameikata nira kwa urefu wa mabega ya watu na anaifunga magunia ili isichubue. Ndugu wale hawakuwa wamesemeshana tangu siku ya damu. Ignasi alishika upande wa pili wa gunia, akavuta kamba.

Asubuhi walilitoa plau. Victor alisimama kushoto, Ignasi kulia. Mzee Kalisti alishika mishikio nyuma, akakohoa, na wao wakainama wakavuta. Udongo ulikuwa laini, ila si kwa binadamu. Plau lilikwaruza kina cha kiganja, lakini lilikwenda. Shamba zima lisingewezekana, na wote watatu walilijua hilo. Walitaka kile kipande cha mahindi tu, ulezi ungengoja jembe la mkono. Ignasi alimsikia Victor akihema, mbavu zile alizozivunja yeye zikifanya kazi ya ng'ombe, na alitaka kumwambia kitu, ila pumzi haikumtosha.

Wakafika mwisho wa shamba. Mzee alikuwa amechoka, macho yamejaa jasho, na mdomo wake ulisema wenyewe, kwa mazoea ya miaka mingi:

"Mkoloni, geuka!"

Akashtuka, akaachia mshikio, akaziba mdomo kwa mkono wenye tope.

Victor akageuka.