Kumshukuru Barón Ceniza

Kwa miaka ishirini na saba Doña Hermelinda Tecuapetla alimtukana mtu mmoja kila Jumatatu jioni. Sasa alitaka kumshukuru, na hakujua aanzie wapi.

Si jambo dogo hilo. Jirani akikuletea bakuli la maharagwe, unamrudishia bakuli na kitu ndani yake, mambo yameisha. Lakini mtu ambaye kazi yake ni kuchukiwa, na ambaye ameifanya kazi hiyo vizuri kuliko yeyote aliyewahi kupanda ulingo wa Arena ya Xonaca, utamshukuruje? Barón Ceniza alikuwa rudo, yaani mwanamieleka anayecheza mbaya wa ulingoni. Aliuma masikio, alivuta nywele, na refa akigeuka tu, teke lilishuka chini ya mkanda. Rudo akipigiwa makofi ni pilipili isiyowasha. Ya nini sasa?

Na muda ulikuwa umekwisha. Tangazo lilibandikwa kwenye ukuta wa soko, herufi nyekundu kubwa kama milango: Jumatatu hii, Barón Ceniza dhidi ya Príncipe Jacaranda, barakoa kwa barakoa, anayeshindwa anavua yake, pambano la mwisho la Barón. Redio ilisema akitoka hapo anahamia Tijuana kwa binti yake. Kutoka Puebla hadi Tijuana si mwendo wa kwenda kusema asante ukarudi kuanika nguo.

"Mwandikie barua," alisema Yareli, binti yake, huku akikata uzi kwa meno. Walikuwa wakishona sare za shule, mama kwenye cherehani, binti kwenye vifungo.

"Barua kwa nani? Bwana Barón, S.L.P.? Hata jina lake silijui."

"Basi mpikie mchuzi wa mole."

"Ale mole yangu? Baada ya yote niliyomwambia kuhusu mama yake mzazi? Atadhani nimetia sumu ya panya."

"Na angekuwa na haki kabisa."

Hermelinda alicheka, lakini cherehani ilisimama. "Yareli, mwanangu, mimi lazima nimwambie. Akiondoka sijamwambia, nitakufa nayo kooni."

Yareli aliacha mzaha hapo. Alijua mama yake anasema nini, maana na yeye alikuwepo, mtoto wa miaka sita aliyevalishwa nguo nyeusi zilizompwaya.

Abundio, mume wa Hermelinda, alikuwa mwashi. Alianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi lililofungwa kwa kamba zilizooza, kila mtu akijua zimeoza. Mkandarasi alisema marehemu alikuwa amelewa. Abundio, ambaye hata pombe ya pulque ya harusi yake mwenyewe alionja kwa ncha ya ulimi! Wenzake waliokuwa pale waliulizwa, wote wakasema hawakuona kitu. Hermelinda hakulia mazishini. Wala hakulia baadaye. Watu walimsifu kwa moyo wake mgumu, na mimi naona wangemwacha tu, kwa sababu sifa zile zilimziba mdomo kuliko kitambaa. Akaacha kula, akaacha kuzungumza. Alishona tu.

Dada yake ndiye aliyemburuta hadi Arena Jumatatu moja, akisema afadhali uone watu wanaoumia kwa makusudi. Wakakaa safu ya pili, Yareli amelala kati yao. Hermelinda alitazama kama mtu anayetazama mvua. Ndipo yule mtu wa barakoa ya kijivu akampiga mwenzake teke la haramu mbele ya watu elfu mbili, akainua mikono juu, akamgeukia refa na uso wa malaika. Refa akasema hakuona kitu.

Hermelinda alijikuta amesimama. Hakumbuki aliinukaje. Alipiga kelele hadi dada yake akamshika sketi. Alimwita mwongo, mwuaji, mnyonya damu ya maskini, akamwambia Mungu anamwona hata kama refa ni kipofu. Na Barón Ceniza akaja. Alishuka ulingoni, akasogea mpaka kwenye kizuizi, akainamisha barakoa yake karibu na uso wake na kusema, kwa sauti ya kukwaruza, "Ndiyo hayo tu, doña? Nilidhani una mapafu."

Alikuwa nayo. Usiku ule alikula sahani mbili za chalupa na akalia hadi mto ukalowa, na asubuhi alimsuka Yareli nywele kwa mara ya kwanza baada ya miezi minne. Jumatatu iliyofuata akarudi. Barón naye akaja moja kwa moja kwenye safu ya pili, kama daktari anayemjua mgonjwa wake. Ikawa hivyo miaka ishirini na saba.

Basi, baada ya kuwaza wiki nzima, Doña Hermelinda alikata shauri, na shauri lenyewe, kwa heshima zote, lilikuwa bovu. Alinunua shada la maua meupe. Akavaa gauni la bluu la ubatizo wa mjukuu. Akaapa mbele ya Yareli kwamba siku hiyo hatafungua mdomo. Hatamtukana mtu siku yake ya mwisho. Atakaa kwa adabu, na pambano likiisha atampa maua.

"Wewe? Kwa adabu?" Yareli alimkodolea macho. "Nitaleta kamera."

Arena ilijaa hadi ngazini. Zamani watu wangekuja na malimao na vikombe vya kutupa. Siku hizi vijana wamesoma kila kitu kwenye simu zao, wanajua nani amefundishwa na nani, na wabaya ndio wanaowapenda zaidi. Msichana wa nywele za bluu aliyekaa pembeni ya Hermelinda alikuwa amevaa fulana yenye sura ya Barón.

"Ni gwiji," alimweleza Hermelinda kwa upole, kama mtu anayemfundisha bibi kuvuka barabara. "Hakuna rudo kama yeye. Wewe ni mara yako ya kwanza, doña?"

Yareli alikohoa ndani ya soda yake.

Barón alipotokea, hakukuwa na hata mluzi mmoja wa kuzomea. Watu elfu mbili walisimama na kupiga makofi. "Asante, Barón! Asante, Barón!" Walipigia wimbo huo ngoma, wakaupigia tarumbeta. Mzee wa watu akasimama katikati ya njia, joho lake la kijivu mabegani, akatazama kushoto, akatazama kulia. Kisha akatazama safu ya pili.

Doña Hermelinda alikuwa ameketi, mikono juu ya maua, mdomo umefungwa kama bahasha.

Raundi ya kwanza ilikuwa aibu. Príncipe Jacaranda, kijana mwema wa barakoa ya zambarau, aliruka na kupinduka vizuri, lakini Barón alikuwa kama mtu aliyeamshwa usingizini. Alivuta nywele, wakamshangilia. Alimtia refa kidole cha jicho, wakaimba jina lake. Akapiga lile teke lake la haramu, na msichana wa nywele za bluu akapiga kelele, "Ooh, la kihistoria hilo!" Barón aliinua mikono nusu, akaishusha. Mtu mbaya hawezi kuwa mbaya peke yake, anahitaji wa kumkasirikia. Kila mara macho yake yalirudi safu ya pili, na kila mara Hermelinda alimtazama kwa heshima, akitabasamu kama yuko kanisani. Jacaranda akamlaza mabega chini, tatu zikahesabiwa, raundi ikapotea.

"Mama," alinong'ona Yareli, "anakufa pale juu."

"Amezeeka, maskini."

"Hajazeeka. Jumatatu iliyopita alikuwa mzima. Ni wewe."

"Mimi nimemfanya nini? Nimekaa kimya!"

"Ndiyo hilo, mama."

Hermelinda hakupata nafasi ya kujibu. Barón Ceniza alikuwa ameteremka ulingoni. Alikuja kwa miguu mizito, akipita mikono iliyonyooshwa kumshika, hadi kwenye kizuizi mbele yake. Kwa ukaribu ule Hermelinda alimwona macho ndani ya matundu ya barakoa. Yalikuwa na hofu.

"Doña," alisema chini chini, na haijawahi kutokea rudo akasema hivyo na mtazamaji wakati wa pambano, "unaumwa?"

Hermelinda akatikisa kichwa. Alitaka kusema neno lake sasa hivi, limtoke, lakini halikumtoka. Akamnyooshea maua.

Barón aliyatazama. Akayapokea kwa mikono miwili. Arena nzima ikasema aaah, simu zikainuliwa. Akayanusa taratibu. Kisha akang'ata ua moja kichwa, akalitafuna, akalitema kwenye gauni la bluu la ubatizo. Mengine akayatupa chini na kuyasaga kwa buti, kisigino kwanza, bila haraka, huku akimtazama machoni.

Msichana wa nywele za bluu alifunika mdomo. Hermelinda aliona petali nyeupe zilizolowa mate kwenye kifua chake na kwa pumzi moja roho ilimuuma kweli, kwa sababu maua yale aliyachagua moja moja. Pumzi ya pili akaelewa. Mzee huyu, kwenye siku yake ya mwisho, alikuwa amemtupia kamba.

Akasimama.

"Mbuzi wewe!" Sauti ilifika kwenye mabati ya paa. "Mbuzi asiye na zizi! Umeyala maua? Kula na shada la kaburi lako kabisa, nitakuletea mwenyewe! Si ajabu mama yako alikufunika uso, alikuona siku ya kwanza akamwomba mkunga radhi!"

Barón alirudi nyuma hatua moja na kujishika moyo.

"Jacaranda!" alinguruma Hermelinda. "Mwanangu! Huyo mzee amemtemea mjane mate, na wewe unarukaruka huko kama panzi? Mvunje!"

Kuna mtu nyuma alipiga mluzi. Mwingine akazomea. Msichana wa nywele za bluu akapanda juu ya kiti na fulana yake na kupaza sauti, "Mwachie bibi maua yake, we mshenzi!" na baada ya hapo hakuna aliyekumbuka kusema asante. Arena ilizomea kama zamani. Barón Ceniza alipanda ulingoni kwa kuruka juu ya kamba, mtu wa miaka sitini na kitu, akamshika Jacaranda barakoa na kumsugua uso kwenye nguzo, akamwuma sikio, akamfanyia refa uso wa malaika. Raundi ya pili akaichukua kwa wizi mtupu. Ya tatu walipigana kwa karibu nusu saa. Kila Barón alipochoka alining'inia kwenye kamba upande wa safu ya pili, na kila aliponing'inia alipata dozi yake, akarudi. Hermelinda alimwambia mambo ambayo siwezi kuyaandika hapa, mengine mapya kabisa, yametoka moto. Mwishowe Jacaranda alimkunja miguu kwa mkunjo usiofunguka, na Barón akapiga mkono sakafuni mara tatu. Alikuwa ameshindwa.

Kelele zikashuka zenyewe. Desturi ni desturi: aliyeshindwa hufungua kamba za barakoa yake mwenyewe, hutaja jina lake, alikozaliwa na miaka ya kazi, na watu husikiliza kama misa. Barón alipiga magoti. Jacaranda akamsaidia fundo la mwisho. Uso ukatoka. Ulikuwa uso wa kawaida tu, mpana, wenye masharubu ya mvi na makovu kwenye paji la uso. Ungeweza kununua misumari kwake usimwangalie mara ya pili.

"Naitwa Crescencio Xicale Romero," alisema kwenye kipaza sauti. "Nimezaliwa Tehuacán. Miaka thelathini na tatu ya mieleka."

Wakampigia makofi, sasa kwa haki, maana hakuwa rudo tena. Akateremka na joho mkononi, akapita kwenye njia watu wakimgusa mabega, na alipofika kwenye safu ya pili akasimama. Bila barakoa hakujua aufanyie nini uso wake.

Na Hermelinda, aliyehangaika wiki nzima na neno moja, aliona kuwa njia ilikuwa wazi. Barón hakuweza kushukuriwa. Lakini huyu hapa alikuwa mtu, na alikuwa na jina.

"Don Crescencio," alisema.

Mzee alishtuka, pengine kwa sababu ndani ya Arena ile hakuna aliyewahi kumwita hivyo.

"Mume wangu aliitwa Abundio. Alianguka kazini, wakamsingizia ulevi. Sikuweza kusema kitu. Miaka yote hii, yale maneno..." Akapangusa petali iliyobaki kwenye gauni. "Hayakuwa yako, don Crescencio. Nilikuwa sikutukani wewe. Ulinibebea. Nakushukuru. Mungu akulipe."

Don Crescencio alimshika mikono juu ya kizuizi, mikono yake ikiwa bado na bandeji na jasho.

"Nilijua hayakuwa yangu, doña," alisema. "Tangu jioni ile ya kwanza. Ulikuwa na nguo nyeusi, na mtoto amelala kando yako, na hakuna mtu anayepiga kelele namna ile kwa ajili ya teke." Akajifuta pua kwa joho. "Kwa hiyo nilikuwa nikija kwako kwanza. Wengine wangeweza kungoja."