Tiketi ya Kwenda Glasgow

"Single ama return?" aliuliza msichana wa dawatini, macho yakiwa kwenye kompyuta.

Virginia aliushika vizuri mkoba wake mapajani. "Nilikuwa na mzee," alisema. "Alinitangulia, sasa ni mwaka wa tano."

Kijana aliyeketi nyuma akisubiri tiketi ya ndege alipasuka kicheko, kisha akajifanya anakohoa. Msichana hakucheka. Aliiacha kompyuta, akamtazama Virginia.

"Pole sana, shosho. Mimi nauliza tiketi ya treni. Unaenda tu, ama unaenda na kurudi?"

"Ooh! Kumbe ni tiketi ndiyo haijaolewa!"

Sasa wakacheka wote, hata kijana wa nyuma, na Virginia akahisi aibu ikimtoka shingoni kama joto. Msichana aliitwa Lornah; jina lake lilikuwa kwenye kibati kifuani. Ofisi yenyewe ya tiketi za safari ilikuwa ghorofani, Moi Avenue, na sauti za makanga wa matatu wakiita abiria zilipanda mpaka dirishani.

"Kutoka Birmingham mpaka Glasgow," Lornah alisema. "Ni mbali, shosho. Ni kama masaa manne ukiangalia nje tu."

"Kuangalia nje siwezi kuchoka."

Ndege ilikuwa imelipwa na Debra, binti yake, muuguzi huko Birmingham. Uje upumzike, Mum, alisema. Likizo yote alikuwa ameipanga: kanisa, maduka, bustani za maua. Glasgow haikuwamo. Glasgow alikuwa Ndegwa, kaka yake Debra, ambaye hakuja kumzika baba yao. Siku ya mazishi Debra alimwambia Ndegwa kwa simu kwamba kuanzia leo yeye hana kaka, na tangu hapo Ndegwa alikuwa mtu wa ujumbe wa Krismasi tu. *Niko sawa Mum.* Basi Virginia aliifunga mashine yake ya kufumia sweta kule Mutuini, akavaa kitambaa cha kanisani, akaja mjini peke yake. Alitaka tiketi iwe mkobani kabla Debra hajapata nafasi ya kukataa.

"Jina kamili?"

"Virginia Nyakio Kibe."

Alijisikia akilitamka hilo la katikati, likamshangaza. Kanisani alikuwa Virginia. Kwa majirani alikuwa Mama Debra. Nyakio aliitwa na mzee wake peke yake, jioni, akiingia na kutafuta chai.

Lornah aliacha kuandika. "Shosho, nikikata hii tiketi hairudishwi. Na ni treni hiyo moja tu, huwezi kupanda nyingine. Nani atakupokea huko?"

"Kijana yangu."

"Anajua unakuja?"

Virginia alinyoosha ukingo wa kitambaa chake. "Bado."

Lornah aliangalia mlango wa bosi wake, uliokuwa umefungwa, kisha akaisukuma simu ya ofisi juu ya dawati, polepole, kama mtu anayempa mgeni sahani. "Mpigie. Bosi yuko lunch, na akikaa lunch anakaa."

Namba alikuwa nayo kichwani. Hakuwahi kuipiga. Siku zote aliogopa kwamba ataambiwa jambo ambalo akishalisikia hataweza kurudi kutolijua.

Simu iliita. Ikaita tena. Kisha ikapokewa, na sauti iliyosema haikuwa ya mwanamume. Ilikuwa ya mtoto, msichana, akisema Kiingereza cha puani.

"Hallo," alisema mtoto. "Ni Nyakio anaongea."

Jina lilitamkwa vibaya, kama chakula cha moto kinachogeuzwa mdomoni. Lakini lilikuwa jina lake. Kwao, binti wa kwanza wa mwana huitwa jina la mama yake baba. Hakuna anayeuliza kwa nini, na hakuna anayekosea.

"Hallo?" mtoto alisema tena. Nyuma yake mwanamume akauliza ni nani, na simu ikabadilisha mikono.

"Ndegwa," Virginia alisema. "Ni mimi."

"Mum."

"Ana miaka mingapi?"

"Minne." Alipumua. "Mum, nilikuwa nikuambie. Vile baba alienda, na Debra akasema yale maneno... sikujua naanzia wapi."

"Nakuja huko. Debra amenilipia ndege. Mimi natafuta treni ya kuja kwako."

"Debra anajua?"

"Hajui."

Alisikia mtoto akiimba kitu, na mlango ukifungwa. "Wacha nikupigie, Mum," Ndegwa alisema. "Kwa simu yako. Saa hii tu."

Virginia aliitoa simu yake ya mkononi, akailaza juu ya dawati. Lornah akamletea chai, akaongeza sukari bila kuuliza. Kijana wa nyuma alipata tiketi yake, akaondoka; mlangoni aligeuka na kusema, "Atapiga, shosho." Wateja wengine wakaja, wakaenda. Simu ilibaki vile vile.

Alifikiria sweta za miaka minne. Alikuwa amefuma ngapi, za watoto wa watu? Mikono huachwa mirefu kidogo, ikunjwe, ili mtoto akikua isimwache. Sasa hakujua kama huyu ni mnene au mwembamba, kama ana mabega ya babu yake, Kibe.

Kulipokaribia kufungwa, Lornah alisogeza kiti chake karibu. "Shosho, tunaweza kungoja mpaka kesho."

"Kesho nitakuwa nimeogopa," Virginia alisema. "Kata tu."

"Ya kwenda na kurudi?"

"Ya kwenda na kurudi. Nisije nikaonekana nimehamia."

Akaitia tiketi mkobani, pamoja na simu yake ambayo ilikuwa bado haijaita. Chini barabarani watu walikuwa wakikimbilia nyumbani. Badala ya kwenda stendi ya matatu, miguu yake iliteremka hadi stesheni, akapanda treni ya jioni inayopita Dagoretti, kituo cha karibu na kwake Mutuini. Hakuwahi kupanda treni peke yake. Behewa lilikuwa limejaa. Mwanamke mwenye gunia la karoti alivuta gunia lake na kumsogezea nafasi.

"Kaa, mama. Nimeamka na saa tisa mimi, nikilala niachilie tu."

Kabla hawajafika Kibera alikuwa amelala, na kichwa chake kikaanguka begani kwa Virginia. Kilikuwa kizito, chenye joto, kikinuka udongo na mafuta ya nazi. Ilikuwa muda mrefu tangu mtu amwegemee. Treni ikapunguza mwendo, taa za Dagoretti zikaanza kupita dirishani moja moja, watu wakasimama kuchukua mizigo yao. Virginia alikaa wima, bega limetulia, akivuta pumzi taratibu ili asimwamshe.