Kisu cha Mkono wa Kushoto

Nilimkuta mume wangu sebuleni, amekaa ukingoni mwa kiti, kisu amekibana kwa meno, anavuta mpini kwa mkono wa kushoto ili bapa litoke. Aliponiona alikitoa mdomoni haraka na kukificha chini ya paja, kama mtoto aliyekutwa akilamba sukari.

"Meno si makasi," nikamwambia.

Maneno hayo ni yake, si yangu. Amenichosha nayo miaka ishirini na sita, kila anaponiona nikikata uzi kwa meno, nami ni mshonaji, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe nimeyasikia mara ngapi. Siku hiyo nilimrudishia nikidhani atacheka. Hakucheka. Alikifuta kisu kwa shati, akakiweka mezani bado kimefungwa, akasema, "Jumatatu nitampa mdogo wangu ufunguo wa karakana. Auchukue moja kwa moja."

Nikaketi.

Mume wangu ni fundi wa makochi. Miezi mitano kabla ya siku hiyo kiharusi kilimpiga asubuhi akiwa anavaa viatu. Mguu ulirudi. Ulimi nao ulirudi, tena ulirudi na ubishi wake wote. Mkono wa kulia ndio uliobaki umelala, unaning'inia kama si wake. Wageni walikuja kumpa pole, na sijui ni shetani gani anayeingia midomoni mwa watu, maana kila aliyefungua kinywa alitoa methali ya mkono mmoja. Huyu mkono mmoja haulei mwana, yule mkono mmoja hauchinji ng'ombe. Wakishasema wanashtuka, wanakohoa, wanaomba maji. Mume wangu alikuwa akiwacheka wakiondoka. Kwa hiyo nilijua kwamba kilichomvunja moyo si mkono wenyewe. Ni kile kisu.

Kisu cha kukunja ndicho mkono wa pili wa fundi wa makochi. Akienda nyumbani kwa mteja kukagua kochi, anachana kitambaa cha chini aone mbao na springi. Akiwa mezani anakata kamba, anakata sponji, anang'oa uzi uliooza. Chake kilikuwa cha mpini wa mbao, chenye kijifereji ubavuni mwa bapa cha kutilia ukucha. Unashika mpini kwa mkono huu, unavuta bapa kwa ukucha wa mkono ule. Mikono miwili, bila mjadala.

Na karakana yake ina sheria moja tu, ambayo aliirithi kwa fundi aliyemfundisha: aliyefungua kisu akifunge mwenyewe. Kila kitu pale kimefunikwa na vitambaa, na kisu kilichoachwa wazi hujificha chini yake kikingoja mtu. Huyo fundi wa zamani alikikalia kimoja, akashonwa nyuzi tisa mahali ambapo hakuweza kumwonyesha mtu yeyote. Tangu hapo hakuna kumfungia mwenzako kisu. Ukimfungia leo, kesho atasahau. Anayeacha kisu wazi anafagia wiki nzima, hata awe nani. Mume wangu amewafagisha watu wazima, akamfagisha mpaka mdogo wake siku moja kabla ya harusi yake. Mtu wa namna hiyo hawezi kusimama kwenye meza ile akimwomba mwingine amfungulie kisu na kumfungia.

"Kesho Jumamosi," nikasema. "Tunakwenda kununua kisu kingine."

"Kisu ninacho."

"Unacho cha mikono miwili. Na kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi."

"Koleo ni nzima, mke wangu. Aliyevunjika ni mhunzi."

 Niliogopa, nasema wazi. Baba yangu mzazi aliacha kazi akiwa na afya yake, akakaa kwenye kiti kungoja chakula, na mwaka haukwisha tukamzika. Nilikitazama kiti alichokalia mume wangu, kiti alichokishona mwenyewe, nikakichukia.

Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe akasema, "Sawa. Kikipatikana kisu ninachoweza kukifungua na kukifunga mwenyewe, Jumatatu nitarudi kazini. Kisipopatikana, ufunguo unaondoka, na wewe usinililie."

"Nani alie?" nikauliza, na pua tayari imeanza kunisaliti.

Duka la zana lilikuwa mtaa wa tatu kutoka kwetu, jembamba, limejaa misumari na harufu ya grisi. Mwenye duka ni mama mnene wa makamo, miwani kaining'iniza kifuani kwa kamba ya kiatu. Tulipomweleza shida yetu alifuta meza kwa kiganja. "Karibuni, nina kila kitu hapa isipokuwa subira," akasema, akavuta droo.

Cha kwanza kilikuwa kikubwa, kina meno mgongoni. Mume wangu alikipima mkononi, akauliza kama fundi wa makochi huwa anakutana na chui. Cha pili kilikuwa na kitufe. Alipokibonyeza bapa liliruka kwa kishindo, naye akashtuka akakiangusha mezani.

"Hiki kina haraka kuliko mimi," akasema. "Kitanitangulia mfukoni."

Cha tatu ndicho nilichokipenda mimi. Chembamba, mpini wa buluu, chepesi, na pembeni mwa bapa kijichuma kidogo cha kusukuma kwa kidole gumba. Mwenye duka alikifungua na kukifunga mara tano bila kukitazama, huku akimjibu mteja mwingine kuhusu rangi. Mimi nikajaribu, kikafunguka kama mlango uliotiwa mafuta. Mume wangu akakichukua kwa kushoto. Mara ya kwanza kidole kiliteleza. Mara ya pili bapa lilitoka lote na loki ya kulizuia lisijikunje ikalia. Nilipiga makofi dukani, watu wakageuka. Mkono wangu ulikuwa tayari umeingia kwenye mkoba.

"Bado kukifunga," akasema.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Loki ya kisu kile ni kipande cha bati ndani ya mpini, unakisukuma pembeni kwa kidole gumba ndipo bapa likubali kurudi. Kwangu na kwa mwenye duka ilikuwa rahisi. Kwake, kwa mkono wa kushoto, bati liliangalia upande wa vidole, gumba halikuweza kulifikia. Alijaribu kwa kidole cha shahada. Bapa likaning'inia juu ya vidole vingine vitatu, jasho likamtoka, na mkono wa kulia ukawa unatikisika pembeni kama unaotaka kusaidia na haujui njia. Nilimwona atajikata. Nikanyoosha mkono, nikakichukua, nikakifunga. Ta!

Naapa sikufikiri. Miaka ishirini na sita ninaijua ile sheria, nimewahi kuihubiri mwenyewe kwa watu, na siku ambayo ilikuwa na maana kuliko zote ndiyo niliyoivunja.

Alinitazama bila hasira, na heri angekasirika. "Umekifunga wewe," akasema polepole, akageuka akatoka nje, akaketi kwenye ukuta mfupi ulio kando ya duka.

Nilibaki pale nikijitukana kimoyomoyo. Mwenye duka alivaa miwani yake, akanitazama mimi, akatazama mlango.

"Dada, wewe unatumia mkono gani?"

"Wa kulia."

"Na mimi wa kulia. Basi saa nzima hii tumekuwa tukiichagulia visu mikono yetu."

 Kisha niliuingiza mkono wangu wa kulia nyuma ya mkanda wa sketi, nikaukaza humo. "Leta droo yote," nikasema.

Mwenye duka naye akaukalia wake. Tulikuwa kichekesho, wanawake wawili watu wazima, kila mmoja na mkono mmoja, tunahangaika na visu kama watoto wanaojifunza kufunga kamba za viatu. Mteja wa rangi aliondoka, akasema atarudi baadaye. Kingine kilifunguka hakikufungika. Kingine kilifungika kwa kushoto ila mpaka ukibane kwa goti. Kimoja kilinikwaruza kidole, nikajifunza kwa nini mume wangu alikuwa akitoka jasho. Mpaka siku hiyo nilikuwa nimemhurumia tu. Sikuwa nimejaribu kuishi upande wake hata kwa dakika kumi.

Chini kabisa ya droo kulikuwa na kimoja cheusi kisicho na mng'aro, kifupi, kimekunjwa hakizidi kidole changu cha kati. Sura yake ilikuwa ya kitu kilichosahauliwa chini ya kiti cha gari. Lakini kijichuma cha kusukuma kilikuwa pande zote mbili za bapa. Na loki yake ilikuwa kijiti cha chuma kilichopita katikati ya mpini, kimejitokeza huku na huku. Unakivuta nyuma kwa gumba na shahada, bapa linalegea, unalisindikiza kwa paja linaingia, vidole viko mbali na makali. Nilikifungua kwa kushoto. Nikakifunga kwa kushoto. Nikarudia. Mwenye duka akakipokea, akafanya vilevile, akasema, "Kumbe hiki kilikuwa na akili zake. Nilikuwa nakiona kibaya tu."

Nilitoka nacho nje. Kwa sheria ileile, kule karakana kisu hakikabidhiwi mkono kwa mkono, huwekwa kimefungwa, mwenye haja akakiokota. Nilikiweka juu ya ukuta kando yake, nikarudi nyuma hatua mbili, nikafumbata mikono mgongoni na kufunga mdomo. Kati ya hayo mawili, mdomo ndio ulionisumbua zaidi.

Alikitazama muda mrefu. Akakichukua. Akakifungua kwa jaribio la kwanza tu. Akakivuta kile kijiti, vidole vikateleza, kisu kikaanguka kwenye vumbi.

Sikukiokota. Nimebeba mitungi ya maji, nimebeba watoto wawili kwa wakati mmoja, sijawahi kubeba kitu kizito kama kutokukiokota kisu kile. Aliinama taratibu, mkono wa kulia ukigusa ardhi kabla ya ule wa kushoto. Akakiokota, akakipuliza vumbi. Akavuta tena kijiti, akaliegemeza bapa kwenye paja la suruali, akasukuma. Kikafunga. Akakifungua. Akakifunga. Mara ya tano hakukitazama, alikuwa akitazama barabara.

"Rangi yake mbaya," akasema.

"Mbaya sana," nikakubali.

"Halafu kibanio chake cha kukishikiza mfukoni kimewekwa kwa mfuko wa kulia."

Nyuma yangu mlangoni mwenye duka alikuwa amesimama, bisibisi mkononi. "Kinahama, shemeji," akasema. "Nipe dakika mbili."

Mume wangu alikifunga kwanza, ndipo akakiweka juu ya ukuta ili yule mama akichukue.

Jumapili alasiri nilitoa aproni yake ya kazi, ile ya turubali. Mfuko wa kisu ulikuwa kulia, umechakaa kwa kuingiwa na kitu kilekile kila siku, mpaka una umbo lake. Sikuung'oa. Nilikata mwingine sawa na ule, nikaushona upande wa kushoto, mishono miwili miwili, maana turubali halina huruma kwa mshono wa uvivu. Yeye alikaa mkabala nami, si kwenye kile kiti, bali kwenye kigoda changu cha kazi, akinikosoa kwamba mfuko umepinda. Haukupinda.

Nilimaliza mshono wa mwisho, nikapiga fundo, nikainamisha kichwa kuupeleka uzi mdomoni.

"Acha," akasema. "Meno si makasi."

Kisu kilifunguka. Aliinama karibu, akaukata uzi karibu kabisa na fundo, palepale ninapopenda. Mkono wangu ulinyanyuka wenyewe kwenda kukipokea. Niliurudisha, nikaukalia. Akakifunga kwenye paja, akakitia kwenye mfuko mpya, kisha akasimama, akautoa ufunguo wa karakana kwenye msumari ukutani na kuutia humo humo.

Nililia, ndiyo. Aliniambia nisilie kisu kisipopatikana. Kikipatikana, hakusema.